Madam Aliyechana Majibu

Neno alilolichukia kuliko yote lilikuwa "sielewi." Ungeweza kuchelewa darasani kwake, ungeweza kusinzia, ungeweza hata kumjibu kwa jeuri kama nilivyofanya mimi mara nyingi tu, akakutolea uvivu na yakaisha. Lakini mwanafunzi akisimama na kusema, "Madam, sielewi," aliweka chaki chini, akajifuta vidole kwenye kipande cha khanga alichozoea kukitembeza mkononi, halafu akamtazama mtoto wa watu mpaka mtoto akatamani ardhi ipasuke.

"Sielewi siyo swali," alisema. "Sielewi ni kilio. Haya, msiba uko wapi? Nioneshe mstari."

Ulitakiwa uende ubaoni, uweke kidole kwenye mstari uliokutupa, useme kwa sauti: mpaka hapa niko na wewe, Madam, hapa ndipo uliponiacha. Ukishasema hivyo alikufundisha kwa upole wa ajabu, tena hata mara tano. Ukishindwa kusema ulipopotelea, ulibaki umesimama pale na kidole chako hewani, darasa zima kimya, mpaka ujue. Mimi nimesimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. We acha tu.

Tulimwita Madam, basi. Alikotoka sikukujua. Wapo waliosema Upareni, wapo walioapa ni mtu wa Bukoba, na yeye mwenyewe akiulizwa alisema ametoka jikoni. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti nzito kuliko mwili wake, na vumbi la chaki lilimkohoza kila siku bila yeye kuacha kuandika. Alikohoa huku mkono ukienda, na sisi tulinakili huku tukiomba asife kabla hajamaliza swali.

Darasa lake lilikuwa banda la nyuma ya nyumba yake pale Bigwa, chini kabisa ya mlima. Bati tupu juu, madawati ya kuazima, ubao wa plaiwudi aliopaka rangi nyeusi kwa mkono wake. Hapo tulikusanyika sisi tuliomaliza kidato cha nne, tunasubiri kupangiwa shule za kidato cha tano, tukisoma kile kinachoitwa pre-fomu faivu. Ni miezi ya kuionja Advance kabla Advance haijakuonja wewe. Advance ndiyo hesabu ya kidato cha tano na sita, ile ambayo kaka zetu waliitaja kama mtu anavyotaja ugonjwa. Na ukishaenda shule, ulirudi bandani kila likizo, kwa sababu mtihani wa taifa wa mwisho wa kidato cha sita ulikuwa unakungoja hukohuko mbele, na haukuwa na haraka.

Mimi nilitaka uhandisi wa barabara. Sikuwa na ndoto nyingine ya akiba. Kwetu ni Kinole, juu huko kwenye ndizi na machungwa na mdalasini, na kila masika barabara inakatika, magari yanagoma kupanda, machungwa yanaozea kwenye matenga mama zetu wameshika tama. Nilipoambiwa kwamba barabara kabla haijachimbwa inachorwa na mtu, nikasema mtu huyo ni mimi. Na njia ya kufika huko ilikuwa moja: PCM, yaani Fizikia, Kemia na Advance. Ukiikosa Advance, uhandisi umeukosa. Hesabu yangu ya kidato cha nne ilikuwa C, na hiyo C ilisukumwa na dua za mama.

Siku ya kwanza Madam aliyasoma matokeo yangu kwenye simu, akanirudishia.

"Unajua kwamba Advance inakula watu?"

"Najua, Madam."

"Hujui. Utajua."

Nikakaa. Nilikuwa nimeshaanza kumchukia, na nilikuwa nimeshaamua sitoki.

Vitabu vyote vya banda lile havikuwa na mkia. Kurasa za mwisho, zile za majibu, Madam alizichana siku kitabu kilipoingia mlangoni, kipya au cha zamani, cha kwake au cha kwako. Ulikuja na kitabu ambacho baba amejinyima kukununulia, unamkabidhi Madam akione, unasikia tu chwaaa. Wapo waliolia. Yeye alisema, "Jibu ni la mwenye kitabu. La kwako ni njia. Usinioneshe ulikofika, nioneshe ulikopita."

Sasa, zile kurasa alimpa jirani yake, mama mmoja muuza karanga, awe anafungia. Tulipogundua, jamani, tulikula karanga! Mapumziko yakifika tunamzunguka yule mama kama kuku wamemwagiwa mtama. "Mama, siyo hiyo, nipe ile pale." "Hii?" "Hapana, ile yenye integresheni." Mama wa watu haelewi, anaona tu biashara imenoga. Tulikunjua vile vikaratasi, tukavipiga pasi kwa viganja, tukanakili majibu ya zoezi zima, halafu kazi ikawa kutunga njia za kufika kwenye majibu hayo. Na njia zilipatikana! Mtu akitaka kufika mahali kwa lazima atafika, hata kama ni kwa kuruka ukuta.

Madam alikusanya madaftari, akasahihisha, akarudi bandani akiwa ameshika mdomo kwa ile khanga yake. Nilidhani anakohoa. Kumbe anacheka, anacheka hadi machozi yanamtoka. Kurasa alizompa yule mama safari ile zilikuwa za kitabu kingine. Darasa zima tulikuwa tumekosa, tumekosa sawasawa, na kila mmoja ana njia yake nzuri ya kukosea.

"Poleni na kiungulia," alisema, na somo likaendelea.

Sifa kwake zilikuwa adimu kama mvua ya Septemba. Neno la juu kabisa lilikuwa "afadhali." Ukipata swali lililowashinda wote, ukaliandika hatua kwa hatua, mstari chini ya mstari, alisimama nyuma yako ukamsikia anavyopumua kwa shida, halafu akasema "afadhali" na kupita. Siku hiyo ulirudi nyumbani unatembea juu juu. Mimi nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu, mtaa wa Msamvu, anauza chakula karibu na stendi ya mabasi, na alikuwa akinijua kwa kunitazama tu. "Leo umepewa afadhali," alisema, ananiongezea mchuzi.

Alikuwepo mvulana mmoja, Joeli, kipanga kwelikweli. Huyu aliliangalia swali kama unavyomwangalia mtu unayemfahamu, akaandika jibu. Hatua hana. Madam alimpa sifuri, kila mara sifuri.

"Lakini Madam, jibu si sahihi?"

"Hata mganga wa ramli kuna siku anapatia. Njia iko wapi?"

Joeli alishikwa na hasira, akahamia tuisheni nyingine mjini, kwenye feni na viti vya plastiki. Tukadhani Madam atamsahau. Wapi! Nafasi yake kwenye dawati iliachwa wazi, na msichana mmoja alipothubutu kukaa pale aliondolewa kwa jicho tu. Wiki zikapita. Asubuhi moja Joeli akatokea mlangoni, anaangalia viatu vyake.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Umechelewa. Kaa."

Hakuna kingine kilichosemwa. Lakini siku ile aliandika ubaoni kwa nguvu hadi chaki zikakatika, na sisi wengine tulijua ni furaha.

Mtu huyuhuyu, mwenye kukataa kila kitu kisichokuwa na hatua, alikuwa mtumwa wa tamthilia za Kituruki zilizotafsiriwa. Saa ya tamthilia ikifika somo lilikatwa hata kama tuko katikati ya swali. Ungempitia dirishani ungemkuta analia kwa kwikwi kwa sababu ya mume wa mtu wa Istanbul. Methali alizichukia. Niliwahi kujitetea kwamba haraka haraka haina baraka, akanigeukia: "Pepa inapewa saa tatu tu. Haraka ina baraka tele, kaa uandike." Ila huyohuyo, mtihani wa taifa ukikaribia, hakukubali mtu atamke neno "kufaulu" ndani ya banda. Aliona ni kujiletea mkosi. Wanafunzi wake wa kidato cha sita walipokuja kumuaga aliwaambia, "Nendeni mkachoke," akaingia ndani, akafunga mlango. Nasikia siku yenyewe ya pepa ya Advance alikuwa hali kitu mpaka jioni.

Na mvua ikinyesha hatukupumzika. Bati lile lilipopigwa na mvua ya mlimani, mtu hasikii hata mawazo yake. Madam alifundisha bila kusema. Aliandika, akageuka kututazama, akaandika tena, nasi tukimtaka arudi nyuma tunakwenda kuweka kidole kwenye mstari. Mpaka leo vekta ninazozijua vizuri ni zile nilizofundishwa kwenye mvua.

Nilipangiwa PCM, katika shule ya bweni ya wasichana, mbali na nyumbani. Nilifurahi kama mjinga. Mtihani wa kwanza wa Advance nikapata F. Mtihani wa kufunga muhula, F nyingine. Shuleni pale ilikuwa hivi: kabla ya muhula wa pili, wenye F mbili waliitwa pamoja na wazazi wao, wakashauriwa kubadili tahasusi. Wanaita ushauri, ila wote tunajua ni kuchuja, wasije wakaiharibia shule wastani. Mzazi akikubali, mtoto anatoka PCM asubuhi hiyohiyo. Mzazi akigoma, shule inakaa na mzigo wake.

Na kwetu Waluguru, mzazi wa maneno kama hayo ni mjomba. Mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anakuzaa, anakupenda, anakununulia viatu, lakini panapokuja jambo zito mama anasema, "Muulize mjomba wako." Mjomba wangu alikuwa mkulima wa mdalasini na pilipili manga hukohuko Kinole, mtu mrefu, mkimya, baraghashia haibanduki kichwani. Kuhusu masomo yangu alikuwa amewahi kusema sentensi moja tu. Alichukua daftari langu, akaligeuza huku na huku, akauliza, "Namba zimewaishia, sasa mnajumlisha herufi?" Kisha akasema kuna binti wa jirani amesomea unesi na sasa amemjengea mama yake nyumba ya tofali. Hiyo niliihesabu kuwa ya pili.

Kwa hiyo likizo ile ya Desemba nilikuwa bandani kwa Madam, nimekonda, silali vizuri, kila swali naliona kama la mwisho. Madam alizipokea zile F mbili bila kusema neno. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu ulimi wake niliuzoea, kimya chake sikukizoea.

Mjomba akaja. Alishuka na gari la ndizi, mama amemwelekeza apite kwa mwalimu anayenijua kabla hajakwenda shuleni kwetu. Mvua ilikuwa inamwagika. Nilimwona kupitia dirisha la banda, amesimama kwenye baraza la Madam, suruali imelowa hadi magotini, baraghashia ameishika mkononi. Madam amemkabili. Sisikii kitu, bati linaunguruma. Naona tu mdomo wa Madam unakwenda, mkono wake unakwenda, na mjomba anatikisa kichwa. Madam anasema tena. Mjomba anatikisa kichwa. Nikaweka kalamu chini. Madam akaongea kwa muda mrefu sasa, amekunja uso, na yule mzee akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemkatalia mwenzake kitu ambacho hata kwa dawa hatakitoa.

Nikasema basi, nimekwisha. Nikatoka kwenye mvua.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba." Hakunitazama usoni. "Mwalimu wako kasema uendelee. Mimi ningekuwa na uamuzi wangu, ungesomea unesi. Rudi darasani."

Hivyo tu. Akavaa baraghashia yake, akaondoka. Madam alibaki barazani ananiangalia, halafu akaingia bandani kabla yangu na kunipa chaki. "Ubaoni," alisema. Siku ile hakuniacha nikae mpaka somo lilipoisha, na mimi nikaona hiyo ndiyo njia yake ya kunipenda: amenipigania, sasa ananidai jasho.

Mjomba nilimchukia. Nasema kama ilivyokuwa. Nilimchukia kwa kile kichwa, na ile chuki ilinifaa kuliko chai. Nikichoka, namwona anatikisa. Nikitaka kulifunga daftari, nasikia "ungesomea unesi," nalifungua. Shuleni wenzangu walidhani nina kichwa kipya. Sikuwa na kichwa kipya, nilikuwa na kijiba cha roho. F ikawa E, E ikakaa sana, halafu ikawa D. Kila likizo nilirudi bandani, na kila nikimtazama Madam nilisema moyoni, mama huyu hatajutia.

Pepa ya pili ya Advance kwenye mtihani wa taifa, nusura inizike. Ukumbi ulikuwa kimya, unasikia viatu vya msimamizi tu. Nikafika kwenye swali la milinganyo, la aina niliyokuwa nimeilalia na kuiamkia, nikaenda vizuri, halafu likakwama. Namba zikakataa katakata. Saa ukutani inakwenda. Nikaweka kidole juu ya karatasi, kama niko ubaoni, nikarudi mstari mmoja, nikarudi mwingine. Hapa niko na wewe. Hapa niko na wewe. Na katikati ya woga ule nikamwona yule mzee barazani, anatikisa kichwa chake. Nikamwambia kimoyomoyo, utaona. Mstari wa nne nilikuwa nimedondosha alama ya kutoa. Ilikuwa imekaa pale juu, peke yake, na mimi nimeiruka. Nikairudisha, swali likafunguka.

Nilipata C. C ya Advance! Kinole walidhani kuna harusi. Mjomba alikuja jioni na jogoo amemfunga miguu, akakaa uani na mama, na mimi nikasema kichwa kinaniuma, nikabaki chumbani. Kesho yake nilishuka mjini kumpelekea Madam kitenge. Alikishika muda mrefu, anapapasa pindo lake. Nikangoja.

"Afadhali," akasema mwishowe, na hakunitazama.

Nikaenda chuo, nikawa mhandisi. Sasa ninashughulika na barabara za vijijini, zile za udongo zinazoliwa na mvua. Mama namtumia chochote nikipata, namtembelea. Mjomba nikimkuta hapo nyumbani ni shikamoo, marahaba, basi. Kama Madam asingesimama kwenye baraza lile, nilikuwa nawaambia watu, leo ningekuwa nachoma watu sindano. Watu walicheka.

Masika haya yaliyopita nilikuwa natoka kukagua barabara ya upande wa Kisaki, buti zimejaa tope, nikamwambia dereva asimame Bigwa. Nilikuwa nimesikia Madam ameacha kufundisha, macho yamemharibikia. Bandani sasa kuna kuku. Yeye nilimkuta barazani amekaa kwenye mkeka, anapukuchua maharage kwa kupapasa, macho ameyaelekeza mlimani ambako nadhani haoni kitu.

"Nani huyo anakanyaga kama mgambo?"

"Shikamoo, Madam. Ni Zuhura wa Kinole."

"Marahaba. Zuhura wa F mbili." Akasogea, akanipisha mkekani. "Haya, barabara zenyewe zinasimama au mnapaka rangi tu?"

Tukaongea. Aliniuliza miteremko tunaikadiriaje, maji tunayatoa wapi, nikamweleza, akanikatiza mara mbili akitaka hatua niliyoiruka. Nilijisikia vizuri sana, kama niko pale ubaoni na nimepata. Kisha akauliza, "Mjomba wako hajambo?"

"Yupo."

"Yupo ndiyo jibu gani?"

"Madam, si unajua mwenyewe. Kama siyo wewe, siku ile ya mvua yule mzee angenitoa. Mimi sijasahau."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Maharage machache yakamdondoka, hakuyatafuta.

"Siku ile ya mvua," alisema, "nani alitaka kukutoa?"

"Mjomba. Nilimwona anatikisa kichwa."

"Alikuwa ananikatalia mimi."

Nilicheka. Nilidhani ananitania. Yeye hakucheka.

"Mimi ndiye niliyemwambia akutoe, Zuhura. Nilimwambia, mzee, mtoto ana bidii, lakini Advance haimtaki. Atoke sasa, asije akakosa vyote. Akatikisa kichwa. Nikamwambia nimefundisha miaka mingi, namjua anayekwenda na asiyekwenda. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza, wewe Advance unaijua? Akasema haijui. Akasema, 'Ila huyu akija nyumbani anagombana na zile hesabu kama anagombana na mke mwenza. Mtu hagombani hivyo na kitu anachotaka kukiacha. Mwacheni.' Na shuleni kwenu alikwenda akawagomea hivyohivyo."

"Mbona aliniambia..."

"Alinikataza nisikwambie. Alisema ukijua mwalimu wako amekukatia tamaa utavunjika. Ukidhani ni yeye, utakasirika tu. 'Hasira anaiweza,' alisema, 'ni ya ukoo wetu.' Nikamwambia, mzee, mtoto atakuchukia. Akasema utapoa."

Akatafuta mkono wangu, akaukosa, akaupata.

"Ulivyoniletea kile kitenge nilitaka kusema, ulimi ukawa mzito. Nimevaa sifa ya mtu miaka yote hii. Nilidhani yeye mwenyewe ameshakwambia."

Nikasimama, nikashuka kwenye ngazi za baraza bila kuaga. Dereva aliniuliza kama kuna tatizo, nikamfanyia ishara aniache. Namba ya mjomba ilikuwemo kwenye simu yangu tangu mama aliponiandikia, na nilikuwa sijaibonyeza hata siku moja. Nikaibonyeza. Alipokea papo hapo, nikasikia upepo wa kule juu na pumzi ya mtu aliyekuwa anapanda mlima.

"Zuhura?" Sauti ilikuwa inamtetemeka. "Zuhura, nani amefariki?"